Aliyenilea, mbele za watu na baada ya komeo kufungwa

Dada uliyeuliza, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Umesema mchumba wako mbele za watu ni mpole hata wazee wanamtolea mfano, mkibaki wawili anakuwa mtu mwingine, na mamako anakwambia unatafuta visababu vya kuvunja posa. Umesema pia alikwisha kuoa, na kwamba yeye humwita mtalaka wake mwendawazimu. Nakuamini. Naanza na hilo kwa sababu mimi sikupata wa kuniambia.

Nililelewa na ami yangu Mji wa Kale, baada ya babangu kufariki nikiwa na miaka 9. Mtaani kwetu ungeuliza habari zake ungesikia sifa hadi uchoke. Ijumaa baada ya swala alinipapasa kichwa nje ya msikiti huku akizungumza na wenziwe, nao wakimwombea dua kwa kumlea yatima. Tukishapinda kichochoro, mkono ule ule uliniachia kama mtu anayetua mzigo. Hasemi nami tena mpaka nyumbani.

Hakunipiga hata siku moja. Watu wakisikia neno saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, hufikiria visu na damu, na ndiyo maana wengi hawamtambui aliye sebuleni kwao. Ami alitumia maneno, tena kwa sauti ya chini. Jioni moja alikuwa akinieleza kwamba mamangu, aliyekuwa Malindi, amechoka nami na hataki kunisikia. Mlangoni pakapigwa hodi. "Karibu sheikh, karibu, pita ndani!" Uso ulifunguka papo hapo. Akaagiza kahawa, akacheka, akamuuliza mgeni hali ya mkewe aliyekuwa mgonjwa, na dawa alizoandikiwa alizikumbuka zote. Mgeni alipoondoka, ami alitia komeo, akarudi kwenye kiti chake na kuendelea na maneno pale pale alipoyakatia. Kwa sauti ile ile.

Nilikuwa mtoto, lakini nilifahamu kuwa mtu aliyekasirika hawezi kufanya vile. Hasira hata ukiizima hubaki na moshi. Wallahi, pale hapakuwa na moshi. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mchumba wako "ana hasira za karibu". Mtazame mtu wa tatu anapoingia. Kama anageuka mara moja, basi uwezo wa kujizuia anao. Kwako wewe hataki kuutumia.

Nilipokua nilisoma sana juu ya jambo hili. Hervey Cleckley, daktari wa akili wa Marekani, aliwaelezea watu wa aina hii mwaka 1941 kama waliovaa barakoa ya uzima wa akili. Hawasikii sauti, hawaoni mizuka, akili yao inafanya kazi sawasawa. Hisia zako wanazijua vizuri, ila haziwagusi, na kwa kuwa wanazijua, wanajua pa kuchoma. Bibi yetu alipokufa, ami alilia hata wanaume wakamshika mabega. Usiku, mkeka wa mwisho ulipokunjwa, uso ulikuwa mkavu. Alikaa kuhesabu pesa za rambirambi na kutaja nani ametoa kidogo.

Sisemi ami alikuwa saikopathi kwa kipimo cha daktari, wala wewe usimbandike mchumba wako jina hilo. Kipimo kinachotumika sana ni cha Robert Hare wa Canada, chenye vipengele 20 na alama za juu kabisa 40, na anayekitumia awe amefunzwa. Lakini kuna jambo ndani yake la kukufaa: hata mtaalamu huyo hategemei mazungumzo pekee. Anasoma na kumbukumbu za maisha ya mtu, kwa sababu mtu wa namna hii akikaa mbele yako hukuvutia na kukudanganya bila kupepesa. Ikiwa mtaalamu anahitaji faili, mamako atamwonaje kwa ziara ya saa moja na sahani ya mahamri?

Basi weka faili lako. Andika tarehe, alichosema, nani alikuwapo. Halafu zungumza na wale aliokutenga nao. Mimi nilikutana na mamangu jikoni kwenye harusi ya binamu, nikiwa na miaka 17. Tulilinganisha mwaka kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimeambiwa hanitaki. Yeye aliambiwa nimekataa kuzungumza naye kwenye simu. Nguo alizonitumia kila Idi nilivishwa kama zawadi za ami, na mtaa mzima ukamsifu kwazo. Tulilia mpaka wapishi wakatutoa nje.

Ujue pia kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inahesabu mateso ya kisaikolojia, na inawataja hata waliochumbiana. Unaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani bila kuwa na jeraha. Namba 1195, ya msaada kwa wanaotendewa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure. Usimwambie mchumba wako unachoandika, na siku ya kuvunja posa usiwe naye peke yenu.

Lakini kabla ya yote, nenda kwa huyo mtalaka wake. Nenda na mwanamke mtu mzima unayemwamini, mkae naye jikoni, si sebuleni. Usimuulize kama alikuwa mume mbaya, maana swali hilo ameshaulizwa na watu waliokwisha kuamua jibu. Muulize siku ya kawaida nyumbani kwao ilikuwaje, kuanzia wageni walipoondoka.