Jina la Timu Liwe Wakfu wa Mji

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Swali lenu la wiki hii limeuliza: timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu inapotishia kuuhama mji wake, mashabiki wana cha kufanya? Jibu langu ni kwamba wanacho, ila si kile ambacho wengi wao hukikimbilia. Wengi hudai timu, na timu kisheria si yao. Mwenye mali akikata shauri kuondoka na wenziwe wakamruhusu, ataondoka. Vinavyoweza kudaiwa na vikapatikana ni vitu viwili tu: nyumba inamochezewa, na jina.

Naandika kutoka Mjini Unguja, mahali ambapo timu ya kulipwa ya mchezo huu hatujapata kuwa nayo, seuze ya kuhamishwa. Hata hivyo nasi tumo katika kisa hiki, na tumo kwa upande usiopendeza. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha zaidi ya mita 2, alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote wa NBA, ligi kuu ya Marekani, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko. Barzani kwetu tulipangiana zamu za kukesha, kwa sababu mechi inayoanza Memphis saa moja usiku huwa hapa ni saa kumi alfajiri katika majira yao ya baridi, na robo ya mwisho huchezwa watu wakitoka msikitini. Disemba ya mwaka huo huo umeme wa Unguja ukakatika, usirejee hadi Machi 2010. Tukawa tunachanga petroli ya jenereta la jirani mmoja muuza samaki wa barafu, tunakaa baina ya jokofu na televisheni, miguu ikiloa maji ya barafu, tukingoja mtu mmoja aingizwe uwanjani kwa dakika tano. Siku nyingine hakuingizwa kabisa. Tulishangilia vivyo hivyo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini timu ya Memphis ikaitwa kwa jina la dubu wa milima ya Kanada. Grizzlies walianzia Vancouver mwaka 1995, wakahamishwa mwaka 2001, na jina likafuata kama mkoba uliosahauliwa begani. Mwaka 2012 Thabeet akajiunga na Oklahoma City Thunder, nasi tukahamia huko pamoja naye. Mimi nikapata Darajani fulana ya buluu ya Thunder, mtumba safi, nikaivaa hadi shingo yake ikalegea. Timu hiyo nayo ilikuwa imetoka kwa watu wengine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya furaha yetu ilitoka katika miji miwili iliyopokea, na iliyopokonywa haikutupitia akilini.

Aliyenizindua ni mgeni mmoja, mtu mzima kutoka mji wa Seattle huko Marekani, niliyekuwa nikimtembeza Mji Mkongwe. Tulipofika Mkunazini alisimama, akaiangalia fulana yangu, kisha akaniomba kwa adabu kabisa niigeuze ndani nje. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaingia nyuma ya mlango wa duka la vikoi nikaigeuza, tukaendelea na matembezi, lebo ikining'inia shingoni na watoto wakiniuliza kama nimevaa gizani. Tulipokaa kunywa kahawa ndipo akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe.

Seattle SuperSonics, timu ambayo baadaye ndiyo iliyogeuzwa Thunder, walianzishwa mwaka 1967 na walitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1979. Mwaka 2006 mmiliki wao, Howard Schultz, ambaye ndiye aliyeikuza kampuni ya kahawa ya Starbucks, aliiuza timu kwa dola milioni 350 kwa wawekezaji kutoka Oklahoma wakiongozwa na Clay Bennett. Wanunuzi walisema watajitahidi kuibakisha Seattle iwapo utapatikana ukumbi mpya. Mwezi Agosti 2007 mmoja wao aliliambia gazeti la kwao kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle, na ligi ikamtoza faini ya dola 250,000. Faini hiyo sijapata kuielewa vizuri, maana aliyoadhibiwa nayo ndiyo kweli pekee iliyokuwa imesemwa hadi siku hiyo.

Mashabiki walifanya kila ambacho mashabiki hufanya. Waliandamana, walishona mabango, na katika mechi ya mwisho ya nyumbani, Aprili 13, 2008, waliimba wakiomba timu yao iokolewe huku Kevin Durant, wakati huo kijana wa msimu wa kwanza, akiwa uwanjani. Siku tano baadaye wamiliki wa timu za ligi walipiga kura 28 kwa 2 kuruhusu uhamisho. Sauti za maelfu hazikuongeza hata kura moja, kwa kuwa karibu wote waliopiga kura hawakuwa watu wa Seattle wala kuogopa chochote kutoka kwao.

Hapa ndipo inapobidi kuieleza tabia ya ligi ile, kwani msomaji wetu aliyezoea kandanda huenda akaona ajabu. Timu za NBA ni 30, hazipandi wala hazishuki daraja. Mji ambao hauna timu hauwezi kuunda yake ikapanda kwa jasho lake, kama walivyofanya watu wa Wimbledon kule Uingereza, ambao klabu yao ilipopewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes mwaka 2002 waliunda nyingine ya mashabiki wenyewe, wakaanzia madaraja ya chini, na kufikia mwaka 2011 wakawa wamerudi katika ligi ya wenye kulipwa. Katika kikapu cha Marekani njia hiyo imefungwa. Mji husubiri ligi iongeze timu, au huchukua ya mwenziwe. Uhaba huo ndio unaompa mmiliki nguvu ya kusema "nijengeeni, au naondoka," kwa sababu siku zote upo mji mwengine uliosimama mlangoni na ufunguo mkononi. Mwezi Machi 2008 wapiga kura wa Oklahoma City walikubali kodi ya mauzo ya senti moja kwa kila dola ili ukumbi wao utengenezwe.

Watu wa Seattle, kwa upande wao, walikuwa wamekwishapiga kura Novemba 2006, karibu robo tatu yao wakitaka fedha ya umma isitiwe katika kumbi za michezo bila ya mji kupata faida ya haki. Wapo wanaowalaumu hadi leo kwamba waliiuza timu yao kwa ubahili. Mimi siwalaumu. Mwenye nyumba mwenye akili hamjengei ghorofa mpangaji tajiri kuliko yeye kwa kutishiwa kuhamwa. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba walikataa na wakakoma hapo. Kura ile haikuandamana na mpango wa nyumba utakaosimama bila ya hazina ya mji. Jambo linalochoma zaidi ni kwamba ukumbi ule ule uliosemwa haufai ulikuja kujengwa upya kwa fedha za watu binafsi, zaidi ya dola bilioni 1, chini ya paa lile lile la mwaka 1962, ukafunguliwa mwaka 2021. Timu ya kikapu ilikwishaondoka miaka 13.

Sacramento wao walisalimika, na ingefaa mashabiki wakisome kisa chao taratibu. Mwezi Januari 2013 wamiliki wa Kings, timu ya mji huo, walikubaliana kuiuza timu kwa kundi lililotaka kuipeleka, amini usiamini, Seattle. Waliolizwa jana walikuwa tayari kuwaliza wengine leo, na yule mgeni wangu alikiri kwamba naye alifurahi kwa wiki kadhaa kabla ya kuona haya. Sacramento nako mashabiki walipiga kelele, na hao wana mazoea ya kuingia ukumbini na kengele za ng'ombe, kwa hiyo kelele zao si za kawaida. Lakini meya wao, Kevin Johnson, alikuwa mwenyewe amecheza NBA na alijua kura zinapigwa wapi. Alitafuta wanunuzi watakaokubali kubaki, baraza la mji likapitisha mpango wa ukumbi mpya, na Mei 2013 wamiliki wa ligi wakaukataa uhamisho kwa kura 22 dhidi ya 8. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 2016. Kengele zilisaidia kwa kuwa zilikuwa nyuma ya mkataba. Peke yake zingebaki kelele za zizini.

Gharama yake haikuwa ndogo, maana karibu nusu ya fedha za ukumbi huo ilitoka kwa umma, na mtu wa Sacramento asiyetazama kikapu maisha yake yote ana haki ya kunung'unika. Kwa hiyo sisemi kila mji ulipe. Nasema mji ukilipa, uwe mwenye nyumba kwelikweli: ukumbi uandikwe kwa jina la mji, mkataba wa upangaji uwe mrefu, na adhabu ya kuuvunja iwe nzito. Seattle ilikuwa na mkataba hadi mwaka 2010, ikashitaki ili uheshimiwe, kisha ikakubali dola milioni 45 na kuiachia timu iende. Fedha nyingi kwetu. Kwao ilikuwa nauli ya kuondokea.

Katika mapatano hayo, hata hivyo, Seattle ilipata kitu kimoja ambacho nakithamini kuliko hizo milioni. Jina la SuperSonics na rangi zake za kijani na dhahabu vilibaki kwa ajili ya timu ya Seattle itakayokuja. Oklahoma City ilibidi itafute jina lake.

Sisi watu wa visiwani tunalo neno la jambo hili tangu zamani, nalo ni wakfu. Mtu huiweka nyumba au shamba wakfu, na tangu siku hiyo mali yenyewe haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi; husimamiwa, na manufaa yake huwaendea waliokusudiwa. Jina la timu lingefaa kuwekwa hivyo. Mmiliki awe msimamizi wa jina kwa muda anaokaa mjini, alitumie, alipatie faida, auze fulana apendavyo. Akiondoka aondoke na wachezaji na mikataba yake, na jina lirudi kwa walioliimba. Lakers waliitwa hivyo kwa ajili ya maziwa ya Minnesota, na tangu mwaka 1960 wako Los Angeles. Jazz walipata jina lao New Orleans, mji wa muziki huo, na tangu mwaka 1979 wanalichezea Utah. Ni kama timu ya Makunduchi iitwe Mwaka Kogwa, kwa sherehe yao ya mwaka mpya, halafu mtu aihamishie Wete kule Pemba na jina lake, na watu wa Wete waanze kulieleza kwa wageni.

Kuna atakayesema jina ni upepo tu, na mashabiki wanataka mechi. Namwelekeza Charlotte. Timu yao, Hornets, iliitwa nyigu kwa sababu mji ule ulipata sifa ya kuwa kiota cha nyigu wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Waingereza. Ilihamishiwa New Orleans mwaka 2002 pamoja na jina. Charlotte ikapewa timu nyingine mwaka 2004, iliyoitwa Bobcats, lakini nyigu hawakuwatoka watu moyoni. New Orleans ilipobadilisha jina la timu yake mwaka 2013, Charlotte ililiomba lake, ikalipata mwaka 2014, pamoja na kumbukumbu za misimu ya 1988 hadi 2002. Miaka 10 walikuwa na mechi, na bado walikuwa wakidai jina.

Nimalizie na la mtaani kwetu, dogo kwa kipimo cha dola lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa na timu ya kikapu ya vijana, ikifanya mazoezi katika kiwanja cha saruji kilichojengwa kwa michango ya wazee wetu. Akaja mfadhili, akaleta jezi na mipira, na baada ya misimu miwili akaihamishia timu upande mwengine wa mji, karibu na biashara zake. Alikuwa na haki ya jezi na mipira. Ila alichukua na jina, ambalo ni la kisima cha mtaa wetu, na usiku mmoja mbao na ringi zikafunguliwa pia. Zilibaki nguzo mbili, na juu ya kila moja matundu manne ya bolti. Watu wakafunga kamba baina yake, wakaanika kanga.

Mwaka huu vijana wengine wameanza upya, na mfadhili mwengine amejitokeza. Safari hii tuliandika ukurasa mmoja kabla ya kupokea hata mpira: kiwanja, jina na rangi ni vya mtaa, vilivyobaki ni vyake. Tulikwenda nao kwa sheha. Mfadhili aliusoma mara mbili, akauliza kama tunamshuku, na mzee mmoja akamjibu kwamba hatumjui bado kiasi cha kumshuku. Akatia saini kwa kalamu ya sheha, akaitia mfukoni, akaondoka nayo.

Msomaji wenu,
Mjini Unguja