Bibi Akiona Simu Ananyamaza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akavuka na wazazi wake akiwa mdogo, akakulia Ujiji. Babu alikwenda Tanga kukata mkonge ujanani. Nataka kuwarekodi ili wadogo zangu wajue tulikotoka. Bibi akiona simu ananyamaza. Babu anaongea sana, ila miaka yake inagongana. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na bibi, maana hapo ndipo penye uzito.

Nadhani ulianza kwa kumuuliza asili yake. Hapa kwetu mpakani, hilo ni swali la ofisini. Mtu ameishi Ujiji umri wake wote, amezaa na kuzika hapa, na bado anaweza kuambiwa athibitishe uraia kwa sababu ya jina au lafudhi. Sasa mjukuu anamjia na swali lile lile, tena kashika kifaa cha kunasa sauti. Hata mimi ningenyamaza.

Kabla hujabonyeza chochote, mwambie sauti yake itakaa wapi na nani ataisikia. Mzee mmoja wa Gungu aliniuliza, "Hii inakwenda wapi?" Nikamjibu itabaki kwa wanawe. Nikamsikilizisha aliyokwisha kusema, nikamwonyesha pa kufutia. Akafuta kipande kimoja kilichomhusu kaka yake, kisha akaendelea mpaka adhuhuri. Na tafadhali, sauti ya bibi usiirushe WhatsApp bila ruhusa yake, hata kwenye grupu la ukoo.

Asili iache kwanza. Muulize walipovuka walifikia kwa nani, nani aliwaonyesha pa kujenga, mama yake alipika nini siku za mwanzo. Ujiji ni mji wa watu waliofikia kwa watu: Wamanyema kutoka Kongo, Waha wa huku kwetu, watu wa pwani waliofuata njia ya misafara. Ukimjua aliyewapokea, umeanza kuujua mtaa mzima. Kaa naye akichambua dagaa, mikono ikiwa kazini maneno huja yenyewe. Ila kaeni ndani, upepo wa ziwa unameza sauti.

Babu usimbishie miaka. Muulize Uhuru ulimkuta wapi, na kama alirudi kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa au baada. Muulize pia safari yenyewe. Reli ya Kati iliunganishwa na ya Tanga mwaka 1963, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Akisema treni iliwashusha njiani wakapakiwa kwenye malori mpaka mashambani, yaelekea alikwenda kabla ya hapo. Akiwepo mzee mwingine aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani, wakalishe pamoja. Watabishana, na katika ubishi wao utayapata majina ya kambi, ya manyapara, na nani alitoroka usiku. Miaka ikizidi kugongana, andika kama alivyosema, na pembeni uandike ulichokipata wewe.

Kila rekodi ipe jina la msemaji na tarehe siku hiyo hiyo, kisha uinakili kwenye flashi na kumpa ndugu wa nyumba nyingine aitunze. Simu huibiwa, na nyingine huzama ziwani.