Seva hazilingani nguvu, mzigo ugawiwe vipi? Maswali na majibu

Nina seva mbili, moja ya core 16 na nyingine ya core 4. Niipe kubwa uzito wa 4 na ndogo 1? – Msomaji, Morogoro

Anzia hapo, ila usiishie hapo. Uzito, yaani namba inayosema seva ipewe sehemu gani ya maombi, ni uwiano tu: 4 kwa 1 ni sawa na 40 kwa 10, na kigawa mzigo (programu inayogawa maombi kwa seva) hakijui habari za core wala RAM. Kama programu yako inashinda ikingoja diski au hifadhidata, core 16 hazitakupa kazi mara nne. Pima. Ipelekee seva moja maombi peke yake, ongeza kidogo kidogo huku ukitazama muda wa kujibu. Pale muda unapoanza kupanda kwa kasi ndipo ukomo wake ulipo. Kisha ipime ya pili. Tuseme kubwa imefika maombi 900 kwa sekunde na ndogo 300: uzito ni 3 kwa 1, karatasi ya muuzaji iseme itakavyo.

Na kubwa ikizimika je? Ndogo itabebeshwa kila kitu. Kwa kazi isiyotakiwa kusimama, mimi ningenunua mbili za wastani kuliko jitu moja na kibaraka wake.

Kwenye Nginx, kigawa mzigo chetu, nikiweka uzito wa 5, 1 na 1 kwa seva tatu, seva kubwa itapigwa maombi matano mfululizo?

Hapana. Kila ombi likija, kila seva huongezewa alama sawa na uzito wake. Yenye alama nyingi huchukua kazi, halafu hukatwa jumla ya uzito wote, yaani 7. Ziite A, B na C: zamu zitakuwa A, A, B, A, C, A, A, kisha alama zote zinarudi sifuri. Chukua kalamu ujihesabie, inapendeza. Logi zako zisipofuata mpangilio huo usishtuke: kila mchakato wa Nginx huhesabu kivyake, isipokuwa umewapa kumbukumbu ya pamoja kwa agizo la `zone`.

Ndogo nimeipa uzito wa 1 lakini bado inazidiwa. Watu wetu hupakua ripoti kubwa. – Msomaji, Mombasa

Umejijibu kwenye sentensi ya pili. Mgawo wa zamu huhesabu maombi yanapoingia, haujali yatakaa muda gani. Ripoti tatu nzito zikiangukia ndogo, zamu yake ikifika itapewa ya nne. Tumia `least_conn`: hapo hutazamwa miunganisho iliyo wazi ikigawanywa kwa uzito. Kubwa ya uzito 4 yenye miunganisho 20 inasomeka 5. Ndogo yenye 6 inasomeka 6. Anayefuata anakwenda kwa kubwa.

Kompyuta zote za ofisini zinaangukia seva moja, na uzito tumeweka sawasawa. Tunatumia `ip_hash`.

`ip_hash` huchagua seva kwa kuangalia anwani ya IP ya mtumiaji. Kwa anwani za IPv4, husoma tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo tu. Kwa hiyo 192.168.1.10 na 192.168.1.200 kwake ni mtu mmoja, na ofisi nzima inakwenda kwa seva moja. Uzito hauna kosa. Hali hiyo utaikuta pia kwa watumiaji wa simu, kwa kuwa kampuni nyingi za simu huwatoa wateja wengi kwenye intaneti kwa anwani moja. Tumia `hash` juu ya anwani nzima, au, bora zaidi, weka taarifa za kuingia za watumiaji mahali pamoja kama Redis (hifadhidata ya haraka), ili seva yoyote iweze kumhudumia yeyote.

Siwezi kugawa kwa DNS tu, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP?

Rekodi za kawaida za A, zinazotaja anwani ya seva, hazina uzito. Za SRV, zinazotaja seva za huduma fulani, zinao, ila vivinjari havizisomi unapofungua tovuti.

Nataka kuzima seva moja kwa matengenezo bila kuwafukuza waliomo. Natumia HAProxy, kigawa mzigo kingine.

Ipe uzito wa 0, usiiondoe. Wageni hawatapelekwa tena huko, lakini waliofungwa nayo kwa kuki (alama kwenye kivinjari inayowarudisha seva ileile) wataendelea kuhudumiwa mpaka watoke. Fuatilia idadi ya miunganisho kwenye ukurasa wa takwimu, ikiisha ndipo uzime. Ukiirudisha, weka `slowstart` ya dakika moja au mbili ili uzito upande taratibu: programu iliyotoka kuwaka haina kitu kwenye kache (hifadhi ya muda), na kishindo cha mzigo kamili huiangusha upya.