Sanitaiza peke yake haitoshi kwa tumbo la kuhara

Pole sana dada, watoto wawili kutapika na kuhara kwa pamoja sio mchezo. Umeuliza kwanini unapaka sanitaiza kila saa na bado wa pili kaambukizwa.

Iko hivi, virusi vya mafua makali (influenza) au korona vimefunikwa na ngozi ya mafuta, sabuni inaichana ile ngozi kama inavyokata mafuta kwenye sufuria na kirusi kinakufa hapohapo. Sasa vya kuhara kama norovirusi havina hiyo ngozi, alkoholi ya kwenye sanitaiza haivisumbui sana, na sabuni haiviui ila inaving'oa mkononi na maji yanavipeleka. Kwahiyo nawa kwa maji yanayotiririka, sugua sekunde 20 mpaka chini ya kucha, hasa ukishambadilisha mtoto nepi.

Sakafuni palipotapikiwa, vaa glavu, futa kwanza uchafu wote maana Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) ikikutana na uchafu inaisha nguvu. Halafu Jik ya 3.5% kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, mwagia, acha dakika 10, ndo ufute. Changanya mpya kila siku, madirisha wazi.

Tafadhali usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi wala siki, inatoa gesi ya klorini inaunguza mapafu!!

Wape ORS (ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji) kidogokidogo. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, anatapika kila anachokunywa au kinyesi kina damu, nenda hospitali leoleo usisubiri kesho.