Maswali yenu: Msomi wa chaguzi za Marekani hufanya kazi gani hasa?

Hivi karibuni nilimtaja V. O. Key, msomi wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza chaguzi na sera za nchi yake. Maswali yamemiminika. Nimechagua matano.

Binti yangu anataka kusomea chaguzi za Marekani. Ni kazi ya kutabiri mshindi? (Mama, Morogoro)

Hapana, mama. Utabiri ni kipande kidogo tu. Kazi yenyewe ni kutafuta kwa nini watu wamepiga kura walivyopiga, na huko kuna jasho. Key alizaliwa Texas mwaka 1908, akapata shahada ya uzamivu Chicago mwaka 1934, akaja kufundisha Johns Hopkins, Yale na hatimaye Harvard. Kwa kitabu chake cha 1949 juu ya siasa za majimbo ya Kusini, wasaidizi wake wawili walizunguka wakahoji watu 538. Mwenyewe aliyapitia matokeo kaunti baada ya kaunti.

Alabama ilikuwa na chama kimoja tu chenye nguvu, Democrats. Key aliona kwamba katika kura za mchujo za ndani ya chama, mgombea huzoa kura kwao na kaunti za jirani, na akienda mbali anaambulia kiduchu. Huwa nawapa wanafunzi ramani tupu ya jimbo hilo, kaunti zote 67, na penseli za rangi, wapake kila kaunti kulingana na kura alizopata mgombea mmoja. Wakimaliza kupaka, rangi nzito imekaa pale pale alikotoka mgombea. Darasa linanyamaza kidogo, kisha mmoja anasema, "Kumbe na huko!" Tumeambiwa mno kwamba kumchagua mtu wa kwetu ni ugonjwa wa Mwafrika. Key alieleza kwamba vyama visiposhindana kwa hoja, mpiga kura hubaki na kidogo sana cha kushika, na ujirani ni mojawapo.

Uchaguzi ukipita umepita. Utafiti huo unamsaidia nani? (Msomaji, Mombasa)

Kumbuka Florida, mwaka 2000. George W. Bush alitangazwa kuongoza jimbo hilo kwa kura 537, na jimbo likampa urais. Kwenye kaunti ya Palm Beach, karatasi ya kura ilikuwa na majina pande mbili na matundu ya kutoboa katikati. Jina la Al Gore, mgombea wa Democrats, lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, ambaye jina lake lilikuwa kulia. Buchanan akapata kura 3,400 na ushei.

Wanasayansi ya siasa wakazilinganisha na kura zilizotumwa kwa posta katika kaunti hiyo hiyo, ambazo karatasi zake hazikupangwa hivyo. Huko Buchanan alipata sehemu ndogo zaidi. Mwaka 2001 walichapisha hesabu yao: wafuasi wa Democrats zaidi ya 2,000 walimpigia Buchanan kwa kukosea. Kura hizo hazikurudi, na mimi bado inaniuma. Lakini mwaka 2002, kutokana na vurugu zote za Florida, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za kuondoa mashine za kutoboa karatasi.

Inachukua muda gani kuwa profesa huko?

Uzamivu mara nyingi ni miaka mitano hadi saba, pamoja na tasnifu. Kisha unaanza kama profesa msaidizi. Kwa kawaida karibu na mwaka wa sita chuo hupima machapisho na ufundishaji wako: ukifaulu unapata ajira ya kudumu, ukikosa unafungasha. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Mama wa Morogoro amwambie binti hilo mapema.

Wapiga kura wengi hawajui lolote. Kwa nini mnajisumbua nao? (Kijana, Goma)

Ndugu yangu, hapa siwezi kukubaliana nawe. Najua wasomi wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 1960 kwamba wengi hufuata chama walichokizoea na sera hawazijui sana. Ushahidi wao ni mzito. Key naye alichukua tafiti za maoni za Gallup, shirika la kura za maoni, za tangu 1936 hadi 1960, akawatenga waliobaki na chama chao na waliohama. Waliohama hawakuwa bendera fuata upepo. Kwa sehemu kubwa walielekea kwenye chama ambacho sera zake zilifanana na maoni yao. Kwake, kura ni mwangwi: wanasiasa wakipaza upuuzi, warudishiwe nini?

Alifariki Oktoba 1963, na miaka 55, kazi haijaisha. Mwanafunzi wake wa zamani, Milton Cummings, aliikamilisha, ikatoka 1966.

Naweza kuanza nikiwa hapa Dodoma?

Unaweza. Takwimu za tafiti za uchaguzi zilizoanzia Michigan mwaka 1948 zinapatikana bure kwenye intaneti. Pakua faili la mwaka mmoja tu, na kabla ya kugusa tarakimu soma maswali yenyewe, neno kwa neno, kama alivyoulizwa mtu mlangoni kwake.