Kegi iliyopaka dari povu

SWALI: Mzee Kimea, shikamoo. Nilichoka kuhamisha bia kutoka kwenye ndoo, nikaona nichachushie humohumo kwenye kegi, lile pipa la chuma la bia, ya lita 19. Niliijaza hadi shingoni, nikatia hamira, nikafunga. Siku ya tatu nikavuta pete ya usalama nione kuna nini. Povu likapiga dari, na mke wangu hadi leo anaokota hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, kwenye pazia. Bia iliyobaki ilitoka nzito kama uji. Nirudi kwenye ndoo?
Mwenye Dari Lenye Madoa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa pazia. Usirudi kwenye ndoo. Kosa lako halikuwa kegi, lilikuwa kuijaza pomoni kisha kuifunga kama chupa ya soda.

Hamira ikila gramu moja ya sukari, karibu nusu gramu inageuka gesi. Bia ya kawaida huzaa zaidi ya gramu 30 za gesi kwa kila lita, na glasi yenye mchangamko mzuri inahitaji kama 5 tu. Nyingine zote lazima zipate pa kutokea. Ile pete uliyoivuta imefungwa kwenye vali ambayo kwa kegi nyingi za aina yako hufunguka yenyewe presha ikifika karibu bar 9. Kazi yake ni kuzuia chuma kisipasuke. Haikuwekwa imlindie mtu bia yake.

Kwa hiyo jaza lita 15 au 16, usizidishe. Chuma hakionyeshi ndani, ndiyo maana mimi nina mwiko wa zamani niliouchonga alama mpini. Nauchemsha, nautumbukiza, maji ya kimea yakigusa alama naacha kumimina. Kisha fungua nati ya upande wa gesi, toa kile kivali kidogo chenye springi, irudishe nati, chomeka mpira na mwisho wake uuzamishe kwenye chupa ya maji. Povu likipanda lina njia pana ya kupita. Ukikiacha kivali mahali pake, kipande kimoja cha hopsi kinatosha kukiziba, na hapo tunarudi kwenye dari.

Usishtuke usipoona mapovu kwenye chupa. Kifuniko cha kegi hizi hukaza kwa kusukumwa na presha ya ndani, na bila presha gesi hupenya pembeni kimyakimya. Mimi hukipa gesi kidogo mwanzoni kikae, halafu naiachia.

Siku tatu au nne zikipita na povu likatulia, rudisha kivali na ufungie juu yake vali ya kupunguzia presha, ile yenye geji. Iweke bar 1. Gesi ya mwisho itabaki ndani ya bia, na hewa ya nje haitaingia, jambo ambalo ndoo haikupi. Ila bar 1 kwenye nyuzi 20 si sawa na bar 1 kwenye friji. Bia ya baridi hunywa gesi zaidi, kwa hiyo ukiipoza utaona geji inashuka. Ongezea kutoka kwenye mtungi wa gesi mpaka itulie kwenye 0.8 hivi kwa nyuzi 4.

Sasa ule uji. Bomba la kutolea bia linafika sakafuni mwa kegi, na sakafuni ndiko hamira iliyochoka inakolala. Wengine hulikata sentimita 2. Mimi nililikata kwa msumeno nikiwa na haraka, zikaenda 6, na kila kegi tangu siku hiyo ikaniachia karibu lita mbili nisizoweza kuzinywa. Siku hizi natumia mpira laini wenye boya, unaovuta bia kutoka juu. Glasi ya kwanza bado inaweza kuwa na wingu, imwage.

Ukiosha, klorini kaa nayo mbali, hula chuma cha pua na kukitoboa vitundu. Vua kila mpira wa kuziba uusugue peke yake, maana uchachu usio na maelezo mara nyingi unatokea hapo.

Na pete usiivute kwa mkupuo tena. Poza kegi kwanza, kisha iguse kidogo, uache, uguse tena, mpaka mlio ukome na geji isome sifuri. Ndipo ufungue kifuniko.