Hackintosh inayomaliza betri: pima wati kabla ya kugusa viraka

Nilifunga mfuniko wa kompyuta mpakato yangu betri ikiwa asilimia 90, nikaitia mkobani. Saa tatu baadaye nikashika mkoba na kuuachia hapo hapo: ulikuwa wa moto kama pasi. Ndani feni inavuma, skrini nyeusi, betri imebaki asilimia 31.

Mashine yenyewe si ya Apple. Ni mpakato wa kawaida wenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kadi mbili za michoro, nami niliitia macOS kwa kutumia OpenCore, programu ya kuwashia inayoifanya macOS ikubali mashine isiyo ya Apple. Mashine ya namna hiyo ndiyo huitwa Hackintosh. Kila kinachoonekana kwa macho kilikuwa sawa: sauti, Wi-Fi, kibodi, mwangaza wa skrini. Ndiyo maana nilijidanganya kwamba kazi imekwisha. Chini ya Windows betri ileile ilinipa karibu saa saba. Chini ya macOS haikufika hata tatu, na kulala ilikuwa ni kujifanya tu.

Nikafanya kosa ambalo wengi wetu tumelifanya. Nikachukua folda ya EFI (ile yenye OpenCore na mipangilio yake yote) ya mtu mwenye mashine inayofanana na yangu na kuibandika nzima nzima. Hali ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza kiraka juu ya kiraka, nikibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hata pale jambo lilipotengemaa sikujua ni kipi kilicholitengeneza. Huko ni kupiga ramli. Nilianza kufika mahali siku nilipofuta yote, nikarudi kwenye EFI niliyoielewa mwenyewe, na kuanza kupima.

Kabla hujaenda mbali, mambo mawili. Leseni ya macOS inaruhusu mfumo huo kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple tu, kwa hiyo ukikwama hakuna wa kumlalamikia. Pili, kama bado una Windows kwenye mashine hiyo, fungua dirisha la amri uandike `powercfg /a`. Tafuta kama S3, yaani usingizi kamili ambapo RAM tu ndiyo inayobaki na umeme, imetajwa miongoni mwa hali za kulala zinazopatikana. Mipakato mingi ya miaka ya karibuni imeondolewa S3 na kupewa ile hali ya kusinzia ya S0, ambayo macOS haiwezi kuitumia kwenye mashine hizi. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo ndani ya BIOS (programu ya kiwandani inayoiwasha mashine) la kubadili hali ya kulala kuwa "Linux"; hilo ndilo linalorudisha S3. Kama mashine yako haina S3 wala chaguo la kuirudisha, usipoteze wikendi zako kutafuta usingizi usiokuwepo. Zima mashine ukimaliza kazi.

Kwanza betri isomeke

Huwezi kupima kwa mizani iliyovunjika. Katika Mac halisi kuna chipu ya SMC inayoshughulikia betri, joto na feni. Katika mipakato mingine kazi hiyo inafanywa na kidhibiti kidogo kiitwacho EC, na macOS haijui kuzungumza nacho. VirtualSMC, kiendelezi kinachopachikwa kwenye macOS, ndiyo inayoigiza SMC, na mwenzake SMCBatteryManager ndiye anayeleta habari za betri.

Mara nyingi viwili hivyo havitoshi. Kiendeshi cha Apple husoma kumbukumbu ya EC biti 8 kwa wakati mmoja, ilhali watengenezaji wengi huandika ujazo na volti katika sehemu zenye biti 16 au zaidi. Matokeo yake alama ya betri inaonyesha sifuri, au namba inaganda mpaka uwashe mashine upya. Zamani tulikuwa tukikata sehemu hizo moja moja kwa mkono ndani ya DSDT, jedwali la BIOS linaloueleza mfumo vifaa vya mashine, kazi ya kumtoa mtu machozi. Siku hizi kiendelezi cha ECEnabler kinamaliza shughuli hiyo kwenye mashine nyingi bila kugusa DSDT kabisa.

Tahadhari moja hapa. Miongozo ya kompyuta za mezani hukuelekeza uzime EC halisi na kuweka ya bandia. Kwenye mpakato usiizime ile halisi. Ongeza ya bandia pembeni yake tu. Mimi niliizima kwa kufuata mwongozo usionihusu, nikapoteza alama ya betri na vitufe vya mwangaza kwa pamoja, na nikatumia siku mbili kumlaumu kiendelezi asiye na hatia.

Kisha wati

Betri ikishasomeka, fungua Teminali uandike:

`ioreg -rn AppleSmartBattery`

Chomoa chaja, funga programu zote, punguza mwangaza hadi nusu, subiri dakika tano, kisha tazama Voltage na Amperage. Namba hizo ni milivolti na miliampea: zidisha moja kwa nyingine, gawanya kwa milioni, upate wati zinazotoka kwenye betri. Usishtuke ukikuta Amperage ni namba ndefu inayoanza na 18446744. Mashine haijapagawa. Ni namba hasi iliyochapishwa kana kwamba ni chanya. Toa 18446744073709551616 utapata thamani yake ya kweli. Usiyependa hesabu tumia coconutBattery, inaonyesha wati moja kwa moja.

Yangu ilikuwa volti 11.6 na miliampea 1,550. Wati 18, mashine ikiwa haifanyi lolote. Betri yangu ina wati-saa 50, basi gawanya mwenyewe: haifiki saa tatu. Namba hiyo moja ilinifaa kuliko viraka vyote nilivyokuwa nimekusanya, kwa sababu tangu hapo kila badiliko lililazimika kujieleza mbele yake. Nikigusa kitu na wati zisishuke, nakirudisha kilipokuwa.

Kikulacho ki nguoni mwako

Nilimshuku prosesa kwanza, kama kila mtu. Lakini Intel Power Gadget (Intel wenyewe wameshaiacha, ila kwenye mashine za umri huu bado inafanya kazi) iliniambia prosesa inatumia chini ya wati 2 ikiwa imetulia. Basi zile nyingine 16 zinakwenda wapi? Skrini haiwezi kula zote.

Jibu lilikuwa kadi ya pili ya michoro. Katika mipakato yenye Optimus, skrini imeunganishwa na kadi ya ndani ya Intel, na ile ya NVIDIA huitwa panapokuwa na kazi nzito. macOS haijui mpango huo, wala haina viendeshi vya kadi za NVIDIA za miaka hiyo. Mimi nilikuwa nimeweka `-wegnoegpu` kwenye vigezo vya kuwashia nikaamini nimeizima. Kumbe nilikuwa nimeificha. Mfumo hauioni, lakini umeme inaunywa, na joto inalitoa.

Kuzima kwa kweli kunafanywa na ACPI, ile lugha ya majedwali ambayo BIOS na mfumo hutumia kusimamia vifaa na umeme: SSDT ndogo (jedwali la nyongeza linalopakiwa na OpenCore) inayoita njia ya `_OFF` ya kadi hiyo mashine inapowaka. Njia yenyewe ina anwani, kwa mfano `\_SB.PCI0.PEG0.PEGP` au `\_SB.PCI0.RP01.PXSX`, na anwani hiyo hutofautiana kati ya mashine na mashine. Ipate kwenye Meneja wa Vifaa wa Windows, katika maelezo ya kadi hiyo, kwenye kipengele cha jina la kifaa ndani ya BIOS. Usinakili ya mtu mwingine. SSDT yenye anwani isiyo yako haileti kosa lolote kwenye skrini. Inakaa kimya tu, nawe unaendelea kuamini imefanya kazi.

Niliwasha upya, nikapima: wati 7. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuzidisha.

Kuna mtego mmoja baada ya hapo. Mashine ikilala na kuamka, kadi inaweza kufufuka. Ukiona wati ni 7 baada ya kuwasha lakini zinaruka hadi 17 baada ya kuamka, unahitaji kuingilia njia za `_PTS` na `_WAK`, zinazoitwa mashine inapokwenda kulala na inapoamka: iwashe kadi kabla ya kulala au kuzima, maana BIOS inatarajia kuikuta hai, kisha izime tena ikishaamka. Mimi niliruka ile sehemu ya kuiwasha kabla ya kuzima, mashine ikawa inaganda kila nikiizima.

Prosesa, kwa kifupi

Andika `sysctl machdep.xcpm.mode`. Ikirudisha 1, usimamizi wa prosesa wa macOS unafanya kazi. Ikirudisha 0 kwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 au zaidi, kitu cha kwanza cha kuangalia ni SSDT-PLUG, jedwali linalouwasha usimamizi huo, na kosa la kawaida ni lilelile la anwani: mashine moja huiita prosesa ya kwanza `\_SB.PR00`, nyingine `\_PR.CPU0`.

Kitu cha pili ni utambulisho uliochagua, yaani modeli ya Mac ambayo OpenCore inaiambia macOS kuwa ndiyo mashine yako. Ukiipa mpakato utambulisho wa iMac kwa sababu tu uliona mtu ameuweka, macOS itaisimamia kama kompyuta ya mezani. Chagua MacBook yenye prosesa ya familia moja na yako.

Kuhusu CFG Lock, kufuli la BIOS linaloizuia macOS kuandika mipangilio ya umeme ya prosesa na ambalo linaweza kuiangusha mashine kabla haijamaliza kuwaka, `AppleXcpmCfgLock` ya OpenCore inatosha. Wapo wanaosisitiza ufungue kufuli hilo ndani ya BIOS kwa kubadilisha thamani zilizofichwa. Ukikosea sehemu ya kuandika unaweza kubaki na tofali, mashine isiyowaka tena. Mimi sikuona tofauti ya wati, na BIOS yangu nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani.

CPUFriend nayo, inayorekebisha jinsi prosesa inavyopanda na kushuka kasi, nimeijaribu. Haikuokoa hata nusu wati. NVMeFix iliokoa zaidi, kwa kuwa inaiwezesha diski isiyo ya Apple kujishusha yenyewe kwenye hali za umeme mdogo. Kama una diski ya NVMe, iweke na upime.

Usingizi

Hapa ndipo subira inapohitajika, kwa sababu jaribio moja linaweza kuchukua usiku mzima.

Mashine inayogoma kulala na mashine inayolala ikaamka papo hapo zina magonjwa mawili tofauti. Kwa ile inayogoma, andika `pmset -g assertions` uone nani anaizuia. Mara nyingi ni programu tu: kivinjari kinachocheza sauti, au faili inayopakuliwa. Usikimbilie SSDT kwa tatizo la kivinjari.

Kwa ile inayoamka, uliza sababu:

`log show --last 1d --style syslog | grep "Wake reason"`

Yangu ilijibu XHC, maana yake kidhibiti cha USB. Tiba ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ramani ya milango ya USB. macOS huhesabu milango isiyozidi 15 kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa mara mbili, basi ni rahisi kuvuka. Tengeneza ramani yako kwa USBToolBox, acha milango unayoitumia tu, na hakikisha Bluetooth ya ndani imeandikwa kuwa ya ndani, yaani aina ya 255. Ikiandikwa kama tundu la kawaida, mfumo huichukulia kama kifaa kilichochomolewa na kuchomekwa, na usingizi unaharibika.

Nusu ya pili ni kiraka cha GPRW, au UPRW kwenye mashine nyingine, kinachovinyima vifaa hivyo ruhusa ya kuamsha mashine. Baada yake hutaweza kuiamsha kwa kipanya cha USB. Utatumia kitufe cha kuwashia au mfuniko. Kwangu hiyo ni bei ndogo.

Kisha zima mbwembwe ambazo Apple walizitengenezea mashine zao:

`sudo pmset -a hibernatemode 0 standby 0 powernap 0 tcpkeepalive 0`

Kwa kawaida mpakato wa Apple huwa kwenye hibernatemode 3, yaani nakala ya kumbukumbu huandikwa pia diskini. Kwenye Hackintosh kurudi kutoka diskini ndiko kunakoleta kuganda na skrini nyeusi. Ukiweka 0, kila kitu kinabaki kwenye RAM. Betri ikikatika mashine ikiwa imelala, ambacho hukukihifadhi kimekwenda.

Kigezo cha kuwashia cha `darkwake`, kinachohusu mashine kuamka bila kuwasha skrini, nakushauri usikiguse. Watu hukibandika na namba wasiyojua maana yake, na nimewahi kuwa mmoja wao.

Usiku wa kwanza baada ya haya yote nililaza mashine ikiwa asilimia 100 na kuikuta asubuhi asilimia 96, baridi. Tangu hapo sikimbilii masasisho. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS 26, Tahoe, ndilo toleo la mwisho kwa mashine za Intel, kwa hiyo hakuna ninachokikimbiza huko mbele. Nikilazimika kusasisha, hatua ya kwanza baada ya kuwaka ni `pmset -g` kuona kama chaguo zangu zimebaki, ya pili ni wati.

Kimoja bado kimenishinda. Nikichomoa chaja mashine ikiwa imelala kisha nikaiamsha, alama ya betri inaendelea kudai inachaji kwa karibu dakika nzima. Nadhani ni mojawapo ya zile njia za `_Q`, ambazo EC hutumia kuuarifu mfumo kuwa kuna kilichobadilika, ambayo habari yake haimfikii macOS kwa wakati. Ningeweza kuisaka. Nimeamua kusubiri hiyo dakika.